Mbegu za mimea adimu mnaziamshaje? Ravenala, ensete, adenium… na huyu anayeniuzia saikadi

nalongo_makindye
Habari zenu wapenzi wa bustani. Nasoma humu kimya kimya muda mrefu, leo naomba msaada. Niko Makindye, uwanja wangu si mkubwa lakini nimechoka kuona mimea ileile kwenye kila geti la Kampala, bogenvilia, kei apo, tena bogenvilia. Nataka vitu ambavyo mtu akipita njiani anasimama anauliza hiki ni nini. Na nataka niviote mwenyewe kwa mbegu, maana ile miche mikubwa ya kwenye vitalu vya barabarani bei yake banange haishikiki, halafu mimi napenda kukiona kitu tangu kinatoa kichwa ardhini.

Mpaka sasa ninazo aina tatu. Ya kwanza ni ravenala, ule mti wa msafiri wenye majani yamejipanga kama feni, jirani yangu wake umezaa na matunda yamepasuka yenyewe, ndani mbegu zimefunikwa na kitu cha bluu, bluu kabisa kama rangi ya duka, sijawahi kuona kitu kama hicho kwenye mmea. Ya pili ni ensete, ile ndizi mwitu, kitembe, dada yangu kaniletea kutoka upande wa Kasese, ni mbegu nyeusi ngumu kama mawe. Ya tatu adenium, waridi la jangwani, hizi nimenunua mtandaoni, tena pakiti imeandikwa rangi saba tofauti.

Maswali yangu: kila mtu ananiambia lake, jirani anasema udongo mweusi na samadi kama unaotesha nyanya, kijana wa kitalu anasema mchanga mtupu. Nani yuko sawa? Je nizilowanishe au nisizilowanishe? Na kuna mtu ananipigia simu kila siku anasema ana mbegu za saikadi wa Mpanga, ule mmea unaofanana na mnazi mfupi, bei anataka kubwa, nichukue? Asanteni mapema.

mwalimu_mstaafu_mbale
Karibu sana mama. Nianze na udongo kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoteza mbegu. Mbegu ina chakula chake ndani, haihitaji samadi mpaka ipate majani ya kweli. Samadi kwenye mbegu inayokaa muda mrefu ardhini bila kuota ni kuwakaribisha fangasi tu, na hizi zako ni za kukaa. Kwa hiyo kijana wa kitalu yuko karibu zaidi na ukweli, ila mchanga mtupu nao unakauka haraka. Mimi natumia mchanga wa ziwa ule wa chengachenga, nauosha mpaka maji yatoke masafi, nachanganya na makapi ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi au mkaa uliopondwa, basi. Kabla ya kupanda nachemsha maji kwenye sigiri namwagia mchanganyiko wote, naacha upoe. Hiyo inapunguza sana vijidudu na mbegu za magugu.

Sasa ravenala. Ile bluu uliyoiona ni kifuniko laini kinachozunguka mbegu, inasemekana kule kwao Madagaska inawavutia lemuri, wanyama fulani wanafanana kidogo na komba wetu, wanakula wanasambaza mbegu. Wewe huna lemuri Makindye kwa hiyo kazi hiyo ni yako, itoe yote. Sugua kwa kitambaa kikavu au kwa mchanga mkononi mpaka ibaki mbegu ya kahawia tupu. Ukiiacha inashika ukungu na inachelewesha maji kuingia. Halafu chukua flaski ya chai ya zamani, tia maji ya uvuguvugu yale ambayo mkono unavumilia, tumbukiza mbegu, funga, acha mpaka kesho yake, badilisha maji rudia tena siku ya pili. Flaski inashika joto usiku kucha bila kutumia umeme. Zipande kina cha kama sentimita moja na nusu, joto liwe 25 mpaka 30, weka chombo mahali panapopata jua la asubuhi lakini funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Itachukua mwezi, miwili, pengine zaidi. Mbegu za tunda moja hazitoki pamoja, kwa hiyo usimwage chombo kwa sababu moja imetoka na nyingine zimenyamaza.

Kwa faida ya wengine, strelitzia, lile ua la chungwa lenye umbo la kichwa cha ndege, ni ndugu wa ravenala wa familia moja na linaoteshwa hivihivi, tofauti ni kwamba manyoya yanayofunika mbegu yake ni ya rangi ya chungwa. Hiyo rangi ya chungwa ina bilirubini ndani yake, ni kilekile kinachofanya macho ya mgonjwa wa ini yawe ya njano, na wanasayansi waliigundua kwenye strelitzia mwaka 2009, kabla ya hapo ilijulikana kuwa ni kitu cha wanyama tu. Mimi jambo hilo linanifurahisha kila nikishika zile mbegu.

Ensete nayo mama ni mmea wa kuheshimu. Watu wanauona kama matooke yaliyoshindwa kuzaa vizuri, lakini angalia tofauti: matooke hayana mbegu, unapanda chipukizi, migomba mingi unayoiona ni chipukizi la chipukizi. Ensete kwa kawaida haitoi machipukizi yenyewe. Inakua shina moja nene, inatoa ua mara moja, inazaa, inakufa. Asiyeotesha mbegu yake hana tena. Waethiopia ndio wanajua kuilazimisha itoe machipukizi kwa kukata shina la chini, na huko ni chakula cha mamilioni ya watu, wanakula kile kiazi na shina lake, si ndizi.

Ganda lake ndilo tatizo. Chukua msasa sugua upande mmoja kidogo mpaka weusi ukwaruzike, usifike ndani. Lowanisha kwenye flaski kama ile ravenala. Halafu jambo moja ambalo watu hawalijui, mbegu za ndizi mwitu zinapenda joto lipande mchana lishuke usiku, kwa hiyo usiziweke ndani ya nyumba joto lilelile saa zote, ziweke nje kwenye veranda. Zikikawia usichimbue kuangalia! Unakata mzizi ambao hujauona.

gulu_maua
Mwalimu amemaliza, mimi nichukue adenium maana hiyo ndio kazi yangu kila siku huku Gulu na joto letu linaipenda.

Dada kwanza kuhusu rangi saba. Yule aliyeandika hivyo kwenye pakiti hajui mbegu itatoa nini, hakuna anayejua. Adenium za rangi za ajabu zile nyeusi, njano, zenye petali mara mbili ni machotara, mbegu zake zinatoa watoto wa kila namna na wengi watakuwa waridi tu ya kawaida. Anayetaka rangi fulani kwa uhakika anabandika kikonyo, yani anapandikiza. Lakini usikate tamaa kwa sababu mbegu ina kitu ambacho kikonyo hakina, lile tumbo! Adenium iliyotoka kwa mbegu ndiyo inayovimba chini ikawa kama chupa tangu ikiwa mchanga kabisa, ya kukata tawi mara nyingi inabaki nyembamba miaka na miaka. Na uzuri wa adenium ni lile tumbo, ua ni nyongeza.

Swali la muhimu zaidi ni mbegu zako zina umri gani. Adenium si kama ensete, hizi hazivumilii, zikiwa mbichi zinaota ndani ya wiki moja tu, zikikaa miezi kwenye duka la mtu zinapungua nguvu kila siku inayopita. Kwa hiyo hizi panda leo, ravenala ingoje. Hazihitaji msasa wala maji ya moto. Zina umbo la kijiti kifupi chenye manyoya pande zote mbili, ng'oa manyoya, lowanisha saa mbili tatu hivi, lalisha kijiti juu ya mchanga kikilala kabisa usikisimamishe, nyunyizia mchanga kidogo juu yake ukifunike tu basi.

Halafu sikiliza vizuri hapa kwa sababu kuota si shida, shida ni wiki ya pili. Utaona vichwa vinene vya kijani vimetoka vizuri unafurahi, asubuhi moja unakuta kimoja kimelala, shingo yake pale inapogusana na udongo imekuwa nyembamba kahawia kama imebanwa na uzi. Hiyo ni kinyausi, fangasi, na kikianza kinazunguka chombo kizima. Dawa yake ni hewa na ukavu wa juu. Mwalimu kasema chupa ya plastiki, kwa ravenala sawa, kwa adenium toa chupa siku ileile mche wa kwanza unapotoka. Maji usimwagie juu, weka chombo ndani ya beseni lenye maji kidogo yapande yenyewe kutoka chini, ukiona juu pameanza kubadilika rangi toa. Ulioanguka ng'oa pamoja na mchanga unaouzunguka, tupa mbali.

Na watoto wasicheze nazo, utomvu wake ni sumu ya kweli, wawindaji wa Afrika Mashariki walikuwa wanapaka kwenye mishale. Ukikata nawa mikono.

Siku yako ikizaa utaona pembe mbili zimeota pamoja zinatazamana. Zifunge na uzi kabla hazijakauka, maana zikipasuka upepo unabeba mbegu zote mpaka kwa jirani.

kijana_ntinda
Nalongo na mimi nina swali dogo hapohapo, nimeona mbegu za waridi la bluu na stroberi za bluu zinauzwa mtandaoni bei poa, kuna aliyewahi kupata?

gulu_maua
Kaka usitoe hata shilingi. Waridi la bluu la asili halipo, waridi halina uwezo wa kutengeneza ile rangi. Kampuni ya Japani Suntory ilitumia uhandisi wa jeni miaka mingi, ikatangaza 2004, ikaanza kuuza 2009, na hata lile rangi yake ni zambarau iliyofifia, na wanauza maua yaliyokatwa si mbegu. Stroberi ya bluu ni picha tu iliyopakwa rangi kwenye kompyuta. Wanaouza hivyo wanakutumia mbegu za kitu kingine chochote, na mbegu usiyoijua ni hatari si hasara tu. Gugu-maji lilitoka Amerika Kusini, watu walilibeba huku na kule kwa sababu ya uzuri wa ua lake, mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limeshaingia Ziwa Victoria na mpaka leo wavuvi wanalia. Ukiagiza nje fuata njia, kibali cha kuingiza mimea kinatoka Wizara ya Kilimo pale Entebbe, na mzigo uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka.

mama_tooro
Mimi niko Fort Portal nimesoma yote, nimesubiri mtu aguse hili la saikadi wa Mpanga, hamkugusa, basi niseme mimi maana linaniuma.

Mwanangu Nalongo usinunue. Nakuomba. Yule saikadi anaitwa Encephalartos whitelockii, jina hilo alipewa 1995 tu, na duniani kote porini anaota sehemu moja, korongo la mto Mpanga karibu na maporomoko, kabla mto haujaingia Ziwa George. Hakuna kwingine. Si Kongo, si Kenya. Yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, na pale korongoni ulipojengwa mtambo wa umeme wa maji mimea ilikatwa. Aina zote za Encephalartos ziko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pale walipo vifaru na tembo, kwa hiyo anayekupigia simu kila siku si mkulima, ni mtu anayechukua mbegu ambazo zingekuwa miti ya kesho pale bondeni. Mwulize karatasi ya kibali, utaona kama atapiga tena.

Na kuna uwezekano mkubwa pia anakudanganya. Saikadi wengi walioko kwenye bustani za Kampala ni Cycas revoluta wa Japani, mfupi, majani yamejikunja kingo, na mbegu zake ni za rangi ya chungwa kuelekea nyekundu. Mtu anaokota hizo kwenye uwanja wa hoteli anaziita za Mpanga.

Lakini sitaki nikuache mikono mitupu. Ukitaka kujifunza saikadi anza na huyo Cycas wa bustanini, kwa jirani mwenye naye, kwa ruhusa yake. Jua kwanza kwamba saikadi ana dume na jike, mmea mmoja mmoja, na chavua mara nyingi inabebwa na wadudu aina ya fukusi. Jike akiwa peke yake uwanjani bado anaweza kutoa mbegu nzuri za kupendeza, lakini ndani hakuna kiini, hata ungesubiri miaka. Kwa hiyo uliza kama kuna dume karibu, halafu ukishatoa lile ganda jekundu la nje tia mbegu kwenye ndoo ya maji, zinazoelea kwa kawaida ni tupu, zinazozama weka.

Ganda jekundu litoe na glavu, lina sumu, na mbwa akitafuna mbegu anaweza kufa, hilo usilichukulie mzaha. Ukishasafisha usiharakishe kupanda. Mbegu ya saikadi inaanguka kabla kiini chake hakijakomaa, inaendelea kukomaa yenyewe miezi kadhaa ikiwa imetunzwa mahali pa baridi kidogo pasipo jua, ndani ya makapi ya mbao yenye unyevu wa mbali sana. Baadaye ndio unailaza juu ya mchanga nusu iko ndani nusu iko nje. Mzizi unatoka kwanza unaingia chini sana, jani moja linafuata taratibu mno. Chombo kiwe kirefu. Jani la kwanza linatoka limekunjwa, lina vinyweleo laini vya kahawia, ukilitazama karibu na kioo cha kukuzia utakaa hapo mpaka chai ipoe.

kabale_baridi
Mama Tooro umenena, asante sana.

Niongeze la huku kwetu milimani kwa wanaotaka mimea ya nchi za baridi, lavenda, primula na wenzake. Kabale iko juu kama mita 2,000 na usiku tunavaa masweta lakini majira ya baridi kama ya Ulaya hatuna, na nyingi ya mbegu hizo zinangoja majira hayo yapite ndio ziote. Unazidanganya na friji. Ila watu wanaweka pakiti kavu kwenye friji wanasema nimeziweka wiki sita, hapana, mbegu kavu kwenye friji imelala tu, ndivyo tunavyohifadhi. Lazima iwe imelowa. Mchanga unyevu kiasi kwamba ukiuminya hautoi tone, changanya na mbegu, weka kwenye kopo lenye mfuniko, chini kabisa kwenye friji sehemu ya mboga, kwenye nyuzi 4 hivi, wiki nne mpaka nane. Umeme ukikatika siku moja usiogope.

Na wale wanaoniuliza lobelia kubwa za mlimani, zile za Rwenzori na Elgon: ndani ya hifadhi usichume hata mbegu moja bila kibali. Ukipata kwa njia halali, mbegu ni vumbi. Usizifukie. Zinataka mwanga, nyunyiza juu ya udongo uliolowa funika na kioo. Na Makindye haitaishi kwa joto lile, nasema mapema usije ukahangaika, hizo zimezoea baridi ya kila usiku.

nalongo_makindye
Jamani asanteni sana, webale nyo. Mwalimu, gulu, mama wa Fort Portal, nimesoma mara mbili. Adenium zimeshaingia mchangani leo jioni zimelala kama gulu alivyosema, ravenala nimezisugua zote, vidole vyangu bado vina bluu. Yule wa saikadi nimemwuliza kibali, amekata simu.

Sasa mwalimu, swali moja tu lililobaki: jirani anazo ravenala nyingi mno, kama kilo. Nikizihifadhi zitakaa? Na kama kuna anayetaka nimtumie kwa basi.

mwalimu_mstaafu_mbale
Zitakaa kiasi mama, lakini si miaka. Zisafishe bluu yote kwanza, zikaushe kivulini siyo juani, mpaka zikiguswa zisishikane, weka kwenye bahasha ya karatasi, usitumie kavera, mfuko wa plastiki, maana unyevu unabaki ndani. Bahasha andika jina na mwezi. Weka mahali pa baridi. Mimi nitumie kiganja kimoja kwa basi la Mbale, nitakurudishia mbegu za mti wa jjirikiti wa huku, zile nyekundu. Hizo ngumu zaidi ya ensete lakini dawa yake ni rahisi, kata ganda kidogo kwa kikatio cha kucha upande wa pili wa lile jicho, tia maji usiku mmoja, zikivimba asubuhi panda. Ambazo hazijavimba kata tena.

gulu_maua
Na mimi weka kiganja, nauli ya mzigo nitalipa mimi huku. Nalongo wiki ijayo tupigie picha za hizo adenium, hasa shingo zake, nizione.